Tikiti Yenye Saa Yake

Wasomaji wetu wa Kakamega, walio karibu na ikweta, wamezoea magharibi kuingia takriban saa ile ile mwaka mzima. Anayeipeleka familia yake Paris likizo ya Disemba na akumbuke kwamba huko jua hutua kabla ya saa kumi na moja jioni, na adhuhuri na alasiri hukaribiana. Tikiti ya makumbusho ya Louvre nayo hununuliwa mapema kwa intaneti, ikiwa na siku na saa ya kuingia, Jumanne hapafunguliwi. Basi, mama mpenzi, kabla ya kulipa, tazama nyakati za swala. Chagua asubuhi, watoto wangali na nguvu, mzitembelee kwa utulivu kumbi za sanaa ya Kiislamu zilizofunguliwa mwaka 2012, kisha mtoke mapema, mswali adhuhuri kwa wakati wake.