Benzeni Haina Sura Mbili

Mwanafunzi anayeambiwa kwamba molekuli ya benzeni hurukaruka baina ya michoro miwili ya Kekulé hupotoshwa. Vipimo vyakanusha jambo hilo: vifungo vyote 6 vya kaboni katika pete vina urefu mmoja, pikomita 139, ilhali kifungo sahili huwa 154 na kifungo maradufu 134.

Resonansi hutokea pale ambapo atomi jirani zimelala katika bapa moja, elektroni za vifungo maradufu zikaweza kuenea juu ya zote. Kuenea huko hupunguza nishati ya benzeni kwa kilojuli 150 hivi kwa moli. Ndiyo sababu, tofauti na etheni, haiondoi upesi rangi ya maji ya bromini.

Yafaa basi walimu waseme wazi: wenye upungufu ni mchoro, molekuli ni moja tu.