Lebo za Unga wa Lishe: Mwenye Duka Asome Kabla ya Kulipa

Wafanyabiashara wa Bukoba na Muleba wanaouza unga wa lishe na vyakula vingine vya paketi huuza pia maneno yaliyoandikwa juu yake. "Huongeza damu", "hutibu kisukari", "haina sukari". Maneno hayo yana bei, na paketi yenye maneno mazito huuzwa ghali. Swali kwa mwenye mtaji ni nani atakayebeba hasara ikibainika kuwa si kweli.

Mahitaji yapo. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 34 ya watoto wa chini ya miaka 5 mkoani Kagera walikuwa wamedumaa, wakati wastani wa taifa ulikuwa asilimia 30. Mkoa haukosi ndizi, lakini gramu 100 za ndizi mbichi zina takriban gramu 1 tu ya protini. Soya kavu ina takriban gramu 36. Mzazi anayenunua unga wa mchanganyiko kwa ajili ya uji wa mtoto ananunua hiyo tofauti.

Kwa hiyo sehemu ya kusomwa kwanza ni orodha ya viambato. Kwa kanuni za kimataifa za Codex, kiambato chenye uzito mkubwa hutangulia na chenye uzito mdogo huwa cha mwisho. Paketi yenye picha kubwa ya soya, huku soya ikiwa mwisho wa orodha, ni unga wa mahindi uliopandishwa bei.

Mwongozo wa Codex wa mwaka 1997 kuhusu madai ya lishe nao unatoa vipimo. Chakula kikavu kinachoitwa "chanzo cha protini" kiwe na angalau gramu 5 katika gramu 100. Kinachoitwa "bila sukari" kisizidi nusu gramu. Juisi ya ndizi mbivu inaweza kuandikwa kwa haki kuwa haikuongezwa sukari, lakini kuiandika kuwa haina sukari ni uongo, na mgonjwa wa kisukari anaweza kuulipia kwa afya yake. Mafuta ya alizeti yanayonadiwa kuwa hayana kolestero yanasema kweli, ila mafuta ya mimea yote ni hivyo. Hakuna sababu ya kuyalipia zaidi.

Madai ya kutibu ugonjwa ni hatari zaidi kibiashara. Chakula si dawa, na kanuni za Codex hazikubali kinadiwe hivyo. Tangu mwaka 2019 usimamizi wa usalama wa chakula uko chini ya TBS, baada ya kuhamishwa kutoka TFDA. Mzigo ukiondolewa sokoni, wa kwanza kuumia ni mwenye duka aliyekwisha kulipa taslimu.

Wasindikaji wadogo husema kuwa gharama za maabara ni kubwa, na kwamba bila maneno makubwa hawawezi kushindana na bidhaa za Dar es Salaam, Mwanza au zile zinazopitia Mutukula kutoka Uganda. Hoja hiyo ina uzito, lakini dawa yake si kuandika uongo. Msindikaji anayepima kilo 25 za soya katika kila kilo 100 za mchanganyiko anaweza kuandika "soya asilimia 25" kwa kutumia mizani yake mwenyewe. Mshindani mwenye picha tu hana jibu la hilo. Kwa vipimo vya maabara na alama ya ubora, SIDO ndiyo mlango wa kuanzia kuelekea TBS.

Wanunuzi wa jumla nao wasikae pembeni. Kabla ya kulipia mzigo, wadai viambato vyenye asilimia, tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa matumizi, na alama ya TBS. Paketi inayodai kutibu ugonjwa irudishwe kwa mwenyewe hata kama bei yake ya jumla inavutia.