Shemeji Kahamia Kwenye Kinanda

Shosti, wenzio wanalia waume zao wamehamia baa. Wako yupo nyumbani, saa nne usiku, hedifoni masikioni, vidole vinakimbia juu ya kinanda na wewe husikii hata noti moja. Unachosikia ni kodo-kodo ya plastiki tu. Ukimwita haitiki. Ukimgusa bega anashtuka kama mwizi. Basi yamekukuta: mwenzio kapata kinanda cha mabomba ndani ya kompyuta!

Usicheke kwanza. Tuseme nyie ni walimu huko Machochwe, wilayani Serengeti, jirani kabisa na hifadhi. Jumapili mume anapigia kwaya kinanda cha umeme cha kawaida, funguo 61. Miaka yote anaambiwa kuwa kinanda chenyewe hasa ni kile cha mabomba yanayopulizwa upepo. Hata Mtaguso wa Pili wa Vatikano, kwenye hati yake ya liturujia ya mwaka 1963, ulikipa heshima ya pekee. Sasa akisikie wapi? Kipo cha Kanisa Kuu la Anglikana pale Mkunazini, Unguja, kilichotengenezwa Uingereza na Henry Willis, lakini kutoka Machochwe ni kuvuka nchi nzima, halafu bahari. Kwa mshahara upi?

Hapo ndipo kompyuta inapoingia. Wenzetu wa Ulaya wanaingia kanisani na maikrofoni zao, kumetulia, wanarekodi bomba moja moja: linavyoanza kupumua, linavyoshikilia sauti, na mwangwi unavyofifia ukutani baada ya kidole kuachia. Kinanda kikubwa kina maelfu ya mabomba, kwa hiyo piga hesabu mwenyewe ya uvumilivu wao. Rekodi zote zinapakiwa kwenye kompyuta, kinanda cha umeme kinaunganishwa kwa waya, na shemeji akibonyeza ufunguo inatoka sauti ya bomba lenyewe, pamoja na ukubwa wa kanisa lake. Kwa mpenda muziki, we acha tu.

Programu iliyovuma zaidi ni Hauptwerk, iliyoanzishwa na Mwingereza Martin Dyde mwanzoni mwa miaka ya 2000. Hiyo inalipiwa. Nyingine, GrandOrgue, ni ya bure kabisa. Na kuna rekodi za kinanda cha kanisa la Friesach, Austria, zilizofanywa na Mpolandi Piotr Grabowski, nazo anazitoa bure. Ndiyo maana wanaopiga kwa kujifurahisha wamezipenda hivi: mtu anaanza na alichonacho, gharama ni bando la kushushia mafaili (na ni mazito, jiandae).

Kuanza, nimesema. Baada ya miezi miwili utasikia kompyuta haina kumbukumbu ya kutosha. Kisha spika hizi hazina besi. Kisha kinanda cha mabomba huwa na safu mbili au tatu za funguo, na za kukanyaga kwa miguu juu yake. Hapo ada ya mtoto inaanza kutazamwa kwa jicho la husuda! Kaka, kaeni mpange kiasi cha mwezi kabla hujanunua, siyo mama watoto akutane na meseji ya muamala kwenye simu yako.

Ila kwa maoni yangu fedha siyo mgogoro mkubwa hapa. Hedifoni ndizo zinazoua. Wewe mwanaume umejijengea kanisa zima kichwani, mwenzio umemwacha nje na kodo-kodo zake. Zichomoe. Mpigie wimbo mlioingia nao ukumbini siku ya harusi, umwachie yeye achague sauti: filimbi nyororo au tarumbeta linalotikisa dirisha. Na wewe dada, ukiitwa kusikiliza usiseme "hiyo midoli yako." Neno hilo linakaa.

Kuna jambo jingine ambalo watu wa Machochwe wanalo na Friesach hawana. Wakurya wana iritungu, zeze kubwa la nyuzi nane, sauti nzito inayonguruma. Mbinu ya kurekodi bomba moja moja inafaa pia kwa uzi mmoja mmoja, na faili linaloiambia GrandOrgue sauti ipi ikae kwenye ufunguo upi ni maandishi ya kawaida tu. Mtu mwenye subira anajifunza kuliandika. Tatizo ni kwamba kazi hiyo haifanyiki na mtu mmoja mwenye hedifoni. Mzee apige, mmoja wenu ashike simu ya kurekodia, mwingine aandike uzi gani umeshapigwa na mara ngapi. Muombeni mzee kistaarabu, mwendeeni na sukari. Nane tu, siyo maelfu. Kuku wafungieni kwanza.