Aliyegongwa Asigongwe Mara ya Pili

Mwenzetu mmoja, baba wa watoto wanne, huendesha kirikuu cha kubebea mboga. Asubuhi moja alisimama kwenye kivuko cha waenda kwa miguu huko Kimara, katika Barabara ya Morogoro, ili kuwapisha wanafunzi. Gari dogo lililokuwa likimfuata halikusimama. Dereva wake alishuka kwa adabu nyingi, akamwambia, "Mzee wangu, nisamehe. Tusisumbuane na trafiki, tumalizane hapa hapa." Akamtolea fedha za kutosha taa moja ya nyuma. Mwenzetu alitazama nyanya zilizomwagika na jua linalopanda, akazipokea. Kwa bahati njema aliandika namba ya gari pamoja na namba ya simu aliyopewa.

Siku ya pili fundi alimwonyesha kwamba chesisi imepinda. Siku ya tatu shingo ilikataa kugeuka. Namba ya simu haikupatikana tena.

Tunalieleza jambo hili kwa sababu si la mtu mmoja. Wengi wetu tunadhani kwamba haki huanzia mahakamani, kumbe mara nyingi hupotea pale pale kandokando ya lami, katika dakika kumi za kwanza. Dereva anayefuata gari lingine ana wajibu wa kuacha nafasi itakayomwezesha kusimama, na ndiyo maana anayegonga kwa nyuma kwa kawaida huhesabiwa kuwa mwenye kosa. Lakini kosa lisiloandikwa popote ni vigumu kulidai. Bampa likinyooka kwa macho, haina maana kwamba kilicho chini yake hakikuumia. Na maumivu ya shingo baada ya kusukumwa kwa ghafula huweza kujificha kwa siku moja au mbili. Kumalizana barabarani ni kuuza kitu ambacho bado hujakifungua.

Hatusemi kwamba kila askari wa usalama barabarani humpokea raia kama inavyotakiwa. Tunajua wananchi wanachokikimbia. Hata hivyo mwenzetu alikwenda kituoni, ingawa kwa kuchelewa, akafungua taarifa, akapewa fomu ya PF 3 ya kwenda nayo hospitali. Kwa namba ya gari iliwezekana kutambua kampuni iliyolikatia bima gari lile, kwani siku hizi kumbukumbu za stika hutunzwa katika mtandao wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima.

Hapo likazuka jambo ambalo wengi hatulifahamu. Bima ambayo kila mwenye gari hulazimishwa kuwa nayo, chini ya Sura ya 169 ya sheria zetu, ni ile inayohusu kifo na majeraha ya mtu mwingine. Gari lako lililobondwa halimo katika ulazima huo. Kulipwa kwake hutegemea mkataba ambao aliyekugonga ameununua, pamoja na kikomo kilichoandikwa ndani yake. Kwa hiyo tunaposikia "ana bima ndogo, atalipa," tuulize: atalipa nini, na hadi kiasi gani? Inashangaza kidogo kwamba sheria hulinda shingo kwanza na bampa baadaye, lakini sisi wenyewe hukimbilia bampa na kuisahau shingo.

Afisa wa madai alimwambia mwenzetu kwanza kwamba amekwisha kulipwa barabarani. Baada ya taarifa ya polisi kufika, alituma mkadiriaji wa hasara. Mkadiriaji alikata sehemu ya gharama kwa ajili ya uchakavu wa vipuri, jambo ambalo lina mantiki yake, mradi lielezwe kwa maandishi na mdai apate nafasi ya kuleta makadirio ya fundi wake. Wiki saba zikapita kirikuu kikiwa gereji. Mtu ambaye chombo chake ndicho chakula cha nyumba hana wiki saba za kusubiri, na mwenye kumcheleweshea anajua hivyo.

Ndipo akapewa karatasi ya kutia sahihi ili alipwe fedha za matengenezo. Karatasi hiyo ilikuwa ya Kiingereza kitupu. Alituletea tuisome. Ilisema kwamba, kwa kupokea fedha hizo, anaachilia madai yote, ya sasa na ya baadaye, yatokanayo na ajali ile. Yote, pamoja na shingo ambayo daktari bado anaitibu.

Tangu mwaka 2021 sheria ya nchi yetu imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Kama hakimu anatakiwa kumhukumu mtu kwa lugha anayoielewa, kwa nini kampuni ya bima imtake aachilie haki yake kwa lugha asiyoielewa? Tunaziomba kampuni zote za bima zichapishe hati hizi kwa Kiswahili, na zitenganishe malipo ya gari na malipo ya mwili. Tunaiomba Mamlaka, iliyowekwa na Sheria ya Bima ya 2009, isingoje kila mnyonge aje kulalamika ndipo iyatazame maneno yaliyomo. Sheria hiyo hiyo iliweka Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, na tunasikitika kwamba katika parokia nyingi tulizopita hakuna aliyewahi kumsikia.

Mwenzetu hakutia sahihi. Tulimsaidia kuandika barua akiomba yaongezwe maneno haya: "Malipo haya yanahusu uharibifu wa gari tu." Mke wake alitulaumu, na hatukuweza kumkasirikia, maana kodi ya nyumba ilikuwa imefika. Nakala ya barua ilipigwa muhuri wa kupokelewa. Afisa wa madai amemwambia arudi Alhamisi, na safari hii hatakwenda peke yake.