MAMBO YA UMMA HAYAFICHWI

Ndugu wanachama,

Huenda baadhi yenu wakauliza: sisi watu wa visiwani tuna haja gani na habari za Maruku, huko Bukoba, ukingoni mwa Ziwa? Haja ipo, tena kubwa.

Watu wa Bukoba wanaijua gharama ya amri zipangwazo faraghani. Mwaka 1937 wakulima walitwishwa kanuni za utunzaji wa kahawa zilizotoka juu, na ghasia zikazuka. Yamkini ndani ya kanuni zile mlikuwamo faida; lakini nani atakayeiamini dawa anayonyweshwa gizani?

Wala kasoro hii haikuondoka na Mkoloni. Mwaka 2013 madiwani wanane wa chama tawala, waliohoji miradi ya Manispaa ya Bukoba, walitangaziwa na chama chao mkoani kuwa wamefukuzwa, hata uamuzi huo ukatenguliwa na wakubwa wa chama. Ilibidi Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali aingie kati, na ripoti yake ikatolewa Januari 2014. Ikiwa diwani aliyechaguliwa huadhibiwa kwa kuuliza, raia wa kawaida atauliza nini?

Hata hivyo, mtu wa Maruku anayo silaha tusiyokuwa nayo sisi. Sheria Namba 7 ya 1982 humfanya kila mkazi wa kijiji aliyetimiza miaka 18 kuwa mjumbe wa Mkutano Mkuu wa Kijiji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 huikataza Halmashauri ya Kijiji kugawa ardhi pasipo idhini ya Mkutano huo. Kweli, mkutano usioitishwa ni sheria iliyolala. Lakini aliye na sheria ana pa kushika.

Je, sisi? Sheha wetu hatumchagui; humteua Mkuu wa Mkoa. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 nayo ni ya Bara tu, haikuvuka bahari. Basi sheha amwogope nani: sisi, au aliyemweka?

Kwa hiyo twadai mambo matatu: sheha achaguliwe na watu wa shehia yake, mapato na matumizi ya baraza yabandikwe hadharani, na hapana kiwanja cha umma kitakachotolewa kabla wakazi hawajasikilizwa. Kila tawi liyajadili haya, liyaandike, na liyapeleke barazani kwa barua. Wahenga wamesema: penye wengi hapaharibiki neno.