ALIULIZWA NANI?



Kila mara chama kinapokwenda kuzungumza juu ya mishahara, wakubwa hutoa karatasi na kusema, "Uchunguzi umekwisha fanywa." Maneno hayo hutufunga midomo, kwa kuwa wengi wetu tuliishia shule ya misheni, nasi hudhani uchunguzi ni kazi ya watu wa chuo kikuu. Twaona ya kuwa tumekosea. Karatasi nayo yaweza kuulizwa maswali.

Mwaka 1954 Serikali ya kikoloni ilipokea taarifa ya kamati ya mishahara ya Waafrika, mwenyekiti wake Bwana F. W. Carpenter. Kabla ya hapo mshahara wa chini kabisa mjini ulipimwa kwa mahitaji ya mwanamume peke yake, hana mke wala mtoto. Labda senti zilijumlishwa sawasawa. Kosa lilikuwa kabla ya kujumlisha, pale ilipoamuliwa nani ahesabiwe. Mke na watoto waliachiwa jembe la mama huko shambani. Kamati ile ilishauri mshahara ugeuzwe, uwe wa mtu na jamaa yake.

Huko Uingereza Bwana Seebohm Rowntree, wa jamaa ya wenye kiwanda cha chakuleti, aliuchunguza mji wake wa York mwaka 1899. Nyumba za wafanyakazi zilipigwa hodi, jamaa 11,560. Naye aliweka kipimo kikali mno: chakula rahisi, hakuna nauli, hakuna gazeti, hakuna tumbaku wala bia. Hata hivyo karibu watu 10 katika kila 100 wa mji mzima hawakukifikia kipimo hicho, na zaidi ya nusu yao walitoka katika nyumba ambazo baba ana kazi ya kila siku, ila mshahara ni mdogo. Nani tena angesema ni ulevi?

Sisi je? Mwaka jana karani mmoja alitujia kazini na fomu, akauliza twala nini, na nyapara amesimama pale pale. Nani angetaja deni lake la dukani? Tulijibu nyama, nyama! Tena ilikuwa tarehe 3, mshahara ndio kwanza umeingia. Angalikuja tarehe 24 angalikuta ugali na sukuma, na kwa wengine chai ya rangi. Wake zetu, ambao ndio wajuao bei ya unga, hawakuulizwa neno.

Basi sasa chama chataka jamaa kadhaa waandike daftarini kila kinachonunuliwa kwa mwezi mzima. Majina yatolewe kwa kura katika orodha ya wanachama wote, si wale tu wapigao kelele mkutanini (nasi tumo). Tumesikia wengine wataka kuificha bia, na wengine wataka kuiongeza karo. Tafadhali sana, msifanye hivyo. Uongo mmoja ukigunduliwa mezani, madaftari yote yatatupwa, pamoja na ya wale waliosema kweli. Aandike mama wa nyumba, jioni ile ile, na bia iandikwe bia. Fedha za kibarua cha Jumapili ziandikwe pia, na zile tunazowapelekea wazee nyumbani.

Madaftari yako kwa katibu wa tawi. Asiyejua kuandika amwambie mtoto wake aandike, lakini asimwachie mtoto kukisia bei.