Kabla Hatujatamani Besi Ziwa Chala, Tuwaulize Naivasha

Leo naweka pembeni siasa za vyama, naongelea samaki. Msicheke. Mkifika mwisho mtaona na hii ni siasa, tena ya hapa hapa kwetu Rombo.

Kuna hoja inarudi vijiweni Tarakea kila msimu wa watalii. Magari ya wapanda mlima yanapita kwenda Nale Moru kuanza njia ya Rongai, wageni wanapunga mkono, basi. Hela nyingi inabaki getini kwa hifadhi na kwenye makampuni ya Moshi na Arusha. Sisi tunapata kazi ya kubeba mizigo, tena kwa bahati. Sasa mtu anasema: jamani, si tunalo Ziwa Chala? Tuweke samaki wa mchezo, wale besi wa Naivasha, wazungu waje wavue kwa fimbo, walale Rombo siku mbili tatu. Ukisikia haraka haraka, mchongo umekaa vizuri.

Msimamo wangu nauweka mapema ili asiwepo wa kusema nimezunguka. Utalii wa ndoano, sawa kabisa. Besi, hapana.

BESI NI NANI?

Sio besi ya spika. Huyu ni samaki wa maji baridi kutoka Marekani Kaskazini, ana mdomo mpana kuliko kichwa kinavyostahili, na kazi yake ni kuvizia. Anajificha kwenye majani au chini ya gogo, kitu kikipita anakivamia. Kule kwao watu wana mashindano yake, wana maboti ya kasi kwa ajili yake, wana maduka makubwa ya vifaa vyake tu. Ndio maana akitajwa watu wanaona dola.

Naivasha aliletwa mwaka 1929, enzi za wakoloni, kwa ajili ya walowezi waliotaka mchezo wa wikiendi. Mpaka leo ukienda kule (unavuka hapa Tarakea, Loitokitok, Emali, Nairobi, ndio Naivasha) utakuta watu wanamtafuta. Wanaojua wanafuata kingo za mafunjo, miti iliyozama baada ya ziwa kupanda sana mwaka 2020, na maji ya kina karibu na Crescent Island, ambako ni sehemu yenye kina kirefu kuliko zote ziwani. Asubuhi na mapema au jioni, jua likiwa kali anazama kivulini.

Chambo chao ni bandia. Kuna kibati kinachozunguka na kumetameta kikivutwa, kuna kisamaki cha mbao au plastiki chenye ndoano tumboni, kuna mnyoo wa plastiki laini unaoburuzwa taratibu chini, na kuna kile cha kuelea kinachopiga kelele juu ya maji kama chura. Rangi nyekundu na kahawia zina sababu yake: besi wa Naivasha amezoea kula kamba wekundu wenye magando, nao wageni vile vile, walioletwa mwaka 1970.

Hapo ndipo hadithi inapoanza kuwa ngumu.

ZIWA LA WAGENI

Naivasha ilikuwa na samaki mmoja tu wa asili, mdogo sana, wa kuogelea karibu na juu ya maji. Mwaka 1925 wakaleta aina ya perege. 1929 wakaleta besi. Yule mdogo mwenye ziwa lake alionekana mara ya mwisho mwaka 1962, na besi ni mmoja wa washukiwa wakubwa. Mwaka 1956 wakaongeza perege wengine. 1970 wakaja wale kamba wa magando, wakaanza kufyeka mimea ya chini ya maji na mayungiyungi. Mimea ile ndiyo maficho ya samaki wadogo, na maficho yakiondoka kila kitu kinayumba.

Mwaka 2001 serikali ya Kenya ikafunga uvuvi karibu mwaka mzima maana samaki walikuwa wamekwisha. Mwaka huo huo akaonekana kapu, samaki mwingine wa kigeni, ambaye inasemekana alitoroka kwenye bwawa la kufugia mvua kubwa ziliponyesha. Kapu anakula kwa kuchimba tope. Tope likitibuka maji yanakuwa meusi. Besi anawinda kwa macho, na anataga sehemu safi ya chini halafu analinda kiota. Ndani ya miaka kumi kapu akawa ndiye karibu samaki wote wanaotua mwaloni, na yule besi wa kifahari akawa wa kubahatisha.

Mmeona mchezo? Mgeni wa kwanza alileta wa pili, wa tatu akamharibia wa kwanza. Hakuna mtu aliyepanga iwe hivyo. Kila aliyeleta alikuwa na sababu nzuri: chakula, mchezo, biashara. Ila ziwa sio kontena la duka, kwamba ukichoka bidhaa unairudisha kwa muuzaji.

CHALA TUNA NINI?

Sasa turudi nyumbani. Chala ipo chini kule upande wa Holili, mpaka wa Tanzania na Kenya unapita katikati ya maji. Ni shimo la volkano, eneo kama kilometa za mraba 4 tu, lakini kina ni kama mita 90. Maji yake mengi yanatoka chini ya ardhi, ni mvua iliyonyesha huku juu kwenye mlima wetu. Mwaka 2016 wanasayansi walichimba tope la chini yake zaidi ya mita 200, wakapata kumbukumbu ya hali ya hewa ya kama miaka 250,000. Watu walitoka Ulaya kuja kuchota tope, sisi tuliokuwa jirani hata habari hatukuwa nazo.

Lakini jambo ninalotaka mlishike ni hili. Mle ndani kuna perege ambaye asili yake ni Chala peke yake, hakuna ziwa lingine duniani. Kitaalamu anaitwa Oreochromis hunteri. Mwaka 1889 mtaalamu mmoja wa samaki aliyekuwa London, Albert Günther, alipewa samaki waliotoka Chala, akaona ni kundi jipya kabisa, akalipa jina Oreochromis. Jina lina neno la Kigiriki lenye maana ya mlima. Mlima wenyewe ni Kilimanjaro, huu unaouona ukitoka nje ya kafe.

Sasa ingia Google uandike jina la kitaalamu la sato. Utapata Oreochromis niloticus. Kwa maneno mengine sato wa Mwanza, sato wa kufugwa China, sato wa barafu kwenye supamaketi za Ulaya, wote wanatumia jina la ukoo lililoanzia kwa samaki wa Rombo. Na huyo mwenye jina, mwenye nyumba kabisa, yupo kwenye orodha ya dunia ya viumbe walio hatarini, daraja la hatari kubwa kabisa kabla ya kutoweka porini. Tayari kuna perege wageni walioletwa na watu wanagombania naye shimo lile lile.

Mtupie na besi sasa. Perege huyu mama anatunza mayai na watoto mdomoni. Akiwatema, watoto wanahitaji maji ya kina kifupi pembeni wajifiche. Chala kuta zake zimesimama wima, hiyo sehemu ya kina kifupi ni kamstari tu kuzunguka ziwa. Na besi anaviziaga wapi? Pembeni, kwenye mawe na magogo. Hauhitaji digrii kujua nani atashinda.

"LAKINI SANGARA AMELETA HELA"

Najua mtaniambia hivyo, na hoja ina uzito, tusiidharau. Sangara aliingizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950, akaja kuleta viwanda vya minofu Mwanza, Musoma na Bukoba, akaleta fedha za kigeni. Ni kweli. Pia wataalamu wanakadiria aina kama 200 za furu zilipotea. Na mnakumbuka vurugu za filamu ya Darwin's Nightmare ya 2004, mpaka Rais Kikwete akaizungumzia mwaka 2006, nchi nzima ikabishana kuhusu mapanki. Mkipenda filamu ile au mkiichukia, swali lilibaki pale pale: minofu ilikwenda kwa nani na mapanki yalibaki kwa nani?

Halafu kuna suala la ukubwa. Victoria ni kilometa za mraba karibu 68,000. Chala ni 4. Chala hakuna kiwanda kitakachojengwa, hakuna ndege itakayobeba minofu. Tutapata hasara ya sangara bila faida ya sangara.

Hata wenye hela zao wamejuta. Japani waliingiza besi mwaka 1925. Mwaka 2009 jamaa mmoja akavua pale Ziwa Biwa besi wa kilo 10 na kidogo, akaifikia rekodi ya dunia ya Marekani iliyokuwa imekaa tangu 1932. Sifa kubwa, si ndio? Lakini mkoa wenye ziwa hilo hilo ulishaweka katazo tangu 2003: ukimvua besi, marufuku kumrudisha majini. Na tangu 2005 sheria ya taifa inakataza kumsafirisha akiwa hai. Ziwa lenye rekodi ya dunia linataka aondoke.

SASA HELA ITATOKA WAPI?

Nisiwe mtu wa kukataa tu. Angalieni bonde la Kilombero, mito ya Mnyera na Ruhudji. Wageni wanalipa dola nyingi kwenda kule porini kuvua yule samaki mwenye meno kama mbwa, halafu wanampiga picha na kumrudisha majini. Samaki huyo hakuletwa na mtu, ni wa pale. Mteja anapanda ndege kwa sababu kwao hayupo. Besi kwao yupo hadi kwenye bwawa la nyuma ya nyumba. Mmarekani aje Rombo kuvua samaki wa kwao? Labda mmoja mmoja aliyepotea njia.

Kwa hiyo Chala iuzwe kwa kilicho chake: shimo la volkano, maji safi, na perege mwenye jina la dunia nzima. Waje kumwona. Wavuaji wa ndoano waruhusiwe kwa utaratibu, wachukue wale perege wageni, na wa asili arudishwe taratibu. Hapo kijana wa Holili aliyefundishwa kutofautisha hawa na wale ana kazi: ndiye kiongozi wa wageni, kama walivyo wenzake wa mlimani. Na tusidanganyane kuhusu usalama. Mwaka 2002 binti wa Kiingereza aliuawa na mamba mle ndani. Kuvulia nchi kavu, sio kuingia majini.

Kwa wale wenye kutaka kujaribu, tahadhari ya vifaa: usipoteze hela kwa chambo cha kumetameta. Perege wengi ni walaji wa mwani na vidudu vidogo, hawakimbizi visamaki vya plastiki. Ndoano ndogo, mshipi mwembamba, kiboya chepesi, nyungunyungu au donge la ugali, na subira. Kambale wa Nyumba ya Mungu wanataka nyama au utumbo wa kuku, uliolala chini, usiku. Chambo bandia ni cha samaki wanaowinda, kama huko Kilombero, Ziwa Tanganyika au baharini.

La mwisho ni sheria. Uvuvi wa mchezo una leseni yake, na kuingiza samaki hai kutoka nje bila kibali ni kosa, someni Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya 2003 na kanuni zake. Na kwa kuwa ziwa ni la nchi mbili, Tanzania na Kenya zilitia saini makubaliano mwaka 2013 ya kutunza pamoja Chala, Jipe na mto Umba. Karatasi ipo. Ila samaki hana pasipoti: mtu mmoja na ndoo moja, upande wowote wa mpaka, anatosha kumaliza kila kitu usiku mmoja. Hakuna askari wa kulinda ndoo zote. Wanaoweza ni watu wa pale pale, wakijua kilichomo na wakiwa wanapata kitu kutokana nacho.

Ndio maana nimesema hii ni siasa. Swali la kumuuliza diwani wako sio "mtatuletea samaki gani". Muulize: huyu tuliye naye analindwa na nani, na kijana wa Rombo anapata nini kwa kumlinda?

Mnasemaje? Watu wa Holili na Chala kwenyewe nawasubiri kwa hamu, na nyie mlioko Nairobi mliowahi kuvua Naivasha tuambieni hali ikoje. Ukinipinga njoo na hoja, matusi naweka kando.